Upelelezi na Urafiki wa Wavulana katika Riwaya ya Erich Kästner, Emil und die Detektive

Riwaya ya upelelezi, kama ilivyozoeleka, humwekea msomaji swali moja tangu mwanzo: ni nani aliyetenda? Muhammed Said Abdulla alilitumia swali hilo kwa ustadi mkubwa katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), ambamo msomaji hutembezwa pamoja na Bwana Msa kutoka dhana moja hadi nyingine mpaka ukweli udhihirike. Katika Emil und die Detektive, yaani Emil na Wapelelezi, riwaya ya Mjerumani Erich Kästner iliyotoka Berlin mwaka 1929, swali hilo halina kazi. Mwizi anajulikana mapema. Jina alilojitajia linajulikana, kofia yake ngumu ya duara inajulikana, hata hoteli anamolala inajulikana. Hata hivyo riwaya hii huhesabiwa miongoni mwa misingi ya riwaya ya upelelezi kwa vijana, na wasomaji wake hawaiweki chini mpaka waimalize. Fumbo lake basi limo mahali pengine, na ni juu ya mhakiki kupaonyesha.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Emil Tischbein ni mwanafunzi wa mji mdogo uitwao Neustadt. Baba yake amekwisha kufa, na mama yake hujipatia riziki kwa kuwaosha na kuwatengeneza wateja nywele humo humo nyumbani. Likizo inapowadia, Emil anatumwa kwa bibi yake Berlin akiwa na marki 140: marki 120 ni za bibi, ambaye kwa muda hakuwa amepelekewa kitu, na 20 ni za matumizi yake mwenyewe. Mwandishi anasita hapa makusudi ili kumweleza msomaji mtoto kwamba nyumba inayopata marki 35 kwa juma haiwezi kuitazama noti ya marki mia kama nyumba inayopata maelfu. Fedha alizopewa Emil ni mapato ya majuma manne. Hapana shaka msomaji yeyote aliyelelewa na mama wa kibarua ataielewa hofu ya mvulana huyu anayejigusa mfuko kila mara, na ambaye hatimaye anaingia msalani ndani ya garimoshi na kuzibana noti zake kwa pini kwenye bitana ya koti. Anarudi kuketi. Katika chumba chake amebaki na mtu mmoja tu, Bwana Grundeis. Usingizi unamchukua, anaota ndoto ndefu ya kutisha, na anapozinduka mtu hayupo na fedha hazipo.

Aliagizwa ashuke stesheni ya Friedrichstrasse, ambako bibi na binamu yake wanamngojea. Anashuka stesheni ya Zoologischer Garten kwa kuwa ameiona ile kofia ngumu katika umati. Kwa hatua hiyo moja anatoka katika mikono ya jamaa zake na kuingia katika mji wa watu zaidi ya milioni nne asioujua na usiomjua.

Kwa nini asimwendee askari polisi? Swali hili ndilo mhimili wa riwaya, na wahakiki wanaoipitia upesi hulipa nafasi ndogo kuliko linavyostahili. Kule Neustadt, Emil na wenzake waliwahi kuipaka rangi sanamu ya mtawala wa zamani, wakaitia pua nyekundu na masharubu, na sajini wa mji akatokea wakati ule ule. Walitoroka, lakini Emil anaamini kwamba alitambuliwa. Basi anapoibiwa, sheria ambayo ingemsaidia ndiyo anayoikimbia. Mtu mzima atacheka, maana anajua kwamba hakuna polisi wa Berlin atakayemfunga mtoto kwa ajili ya pua ya sanamu. Mtoto hacheki. Kwake kosa ni kosa, na aliyekosa hana haki ya kushtaki. Kästner hakuidharau mantiki hii. Aliifanya kuwa sababu ya matukio yote yanayofuata. Laiti Emil angekuwa na dhamiri safi, angempata askari katika dakika tano na riwaya ingekwisha. Kwa kuwa hana, anahitaji rafiki.

Rafiki huyo anajitokeza kwa kelele. Ni Gustav, mvulana wa mtaani mwenye honi ya gari mfukoni, ambaye anaipiga nyuma ya Emil aliyejificha akimtazama mwizi mkahawani. Mwanzoni nusura wakosane. Gustav anamcheka kwa suti yake ya Jumapili na kwa sura yake ya mtu wa kuja. Linapotajwa neno ‘mwizi’ tu, hali inageuka, na baada ya muda mfupi Gustav amewakusanya wavulana wa mtaa mzima. Wanaketi barazani kama wazee. Wanachanga senti zao, wanamtuma mmoja ampelekee bibi barua ili asihangaike, wanagawana zamu, wanachagua neno la siri. Kiongozi wa fikra ni mvulana mwenye miwani wanayemwita Profesa, mwana wa mwanasheria. Ikumbukwe kwamba hakuna hata mmoja kati yao aliyemjua Emil saa mbili kabla ya hapo. Urafiki katika riwaya hii hauzaliwi na kuzoeana kwa miaka, wala haujengwi kwa viapo. Unazaliwa na kazi iliyo mbele ya wote.

Miongoni mwa wavulana hao yumo mdogo kuliko wengine, naye anaitwa Dienstag, yaani Jumanne. (Katika Kijerumani jina hili linachekesha kidogo, katika Kiswahili halichekeshi kabisa, maana kina Jumanne ni wengi pwani na bara.) Kwao kuna simu. Kwa sababu hiyo anapewa kazi ambayo hakuna anayeitaka: arudi nyumbani, aketi karibu na simu, apokee habari na kuzipeleka kwa wengine. Wenzake watamfuata mwizi kwa teksi, watalala nje, watamzingira asubuhi. Yeye hataona kitu. Dienstag anasononeka, lakini anakwenda, na anabaki pale mpaka mwisho. Siku ya sherehe, wakati wote wanasifiwa, bibi yake Emil ndiye anayemtaja mtoto aliyebaki penye simu ilhali alitamani kuwa na wenzake. Hapa pana wazo zito zaidi katika kitabu kizima. Katika riwaya nyingi za wavulana urafiki hupimwa kwa ushujaa wa kuonekana: nani aliruka ukuta, nani alipigana. Kästner anaupima kwa yule ambaye hakuonekana. Zaidi ya hayo, simu hapa ni chombo cha kuwaunganisha watu, jambo la kutajwa kwa wasomaji wa Kiswahili ambao huenda walikutana na chombo hicho katika upelelezi kwa mara ya kwanza kupitia Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla (1965), ambamo mlio wake ni wa kuogofya.

Usiku, mwizi amelala hotelini karibu na uwanja wa Nollendorfplatz, na Emil na Profesa wanazungumza gizani. Mazungumzo haya hayasogezi upelelezi hata hatua moja, na mhariri mwenye haraka angeyakata. Emil anaulizia habari za kwao Profesa. Anaambiwa kwamba baba yake humruhusu kukaa nje mpaka usiku, na kwamba nyumbani kwao fedha hazizungumzwi sana. Emil anajibu kwamba pasipozungumzwa fedha ndipo zilipo nyingi. Profesa analipima neno hilo na kulikubali. Kisha Emil anaeleza kwamba mama yake hamkatazi kutembea, ila yeye mwenyewe hufupisha michezo yake na kurudi mapema, kwa kuwa anajua mama hula peke yake asipokuwapo. Hakuna anayemhurumia mwenzake wala anayemwonea wivu. Wavulana wawili wa matabaka mawili wanatazama tofauti zao kama watu wanaolinganisha viganja, halafu wanarudi kwenye zamu. Kwa riwaya ya watoto ya mwaka 1929, katika Ujerumani ambayo miaka sita tu nyuma fedha yake ilikuwa imepoteza thamani kabisa, huu ni ujasiri usio na makelele.

Fumbo la riwaya ni lipi basi? Ni la uthibitisho. Asubuhi Grundeis anatoka hotelini na kukuta anafuatwa na watoto. Wanaongezeka kila njia panda mpaka wanafika karibu mia, hawamgusi, hawamtukani, wanatembea naye tu. Anakimbilia benki ili abadilishe noti zile. Hapo Emil anasimama mbele ya karani na meneja akidai fedha zilizo mkononi mwa mtu mzima mwenye kofia na tai. Noti haina jina. Marki mia ya Emil ni sawa na marki mia ya mtu yeyote. Neno la mtoto dhidi ya neno la mtu mzima: kila msomaji mdogo anaijua mizani hiyo na anajua huinamia upande gani. Ndipo Emil anapoikumbuka pini. Noti zake zimetobolewa. Karani anaziinua kwenye mwanga, na tundu zinaonekana.

Uzuri wa jambo hili ni kwamba pini haikuwekwa na mwandishi ili ije ifumbue fumbo. Iliwekwa na Emil kwa sababu ya woga wake, na woga ulitokana na kujua jinsi fedha zile zilivyopatikana. Upendo wa mtoto kwa mama yake umeacha alama ndogo kwenye karatasi, na alama hiyo inakuwa ushahidi unaokubaliwa na benki na polisi. Kwa upande wa pili mwizi anaangushwa na wingi wa majina yake: Grundeis, kisha Müller, kisha Kießling. Inagunduliwa baadaye kwamba aliwahi kuiba benki huko Hannover, na Emil anapewa zawadi ya marki 1000. Zawadi hiyo ni ya kisa cha kawaida, na yamkini riwaya ingesimama bila yake. Tundu za pini zingetosha.

Ikiwa hii ni riwaya ya makuzi, ni lazima ielezwe Emil anakua kwa namna gani. Msimulizi anamwita mtoto wa mfano na mara moja anamwomba msomaji asimcheke. Wema wa Emil si wa kuzaliwa nao. Ameuchagua, na wakati mwingine humwia mgumu, kama mtu aliyejinyima kitu akipendacho. Lakini ni wema wa upweke. Yeye na mama yake wamejifungia ndani ya deni la shukrani lisilolipika: mama anajitesa kwa ajili yake, naye anajitesa ili mama asijute. Kule Berlin anajifunza jambo ambalo mama hakuweza kumfunza, nalo ni kupokea. Anapokea nauli ya tramu kutoka kwa bwana asiyemjua (ambaye baadaye hutokea kuwa mwandishi wa gazeti, na jina lake ni Kästner). Anapokea mchango wa wavulana. Anakiri mbele yao kwamba ana kosa lake huko kwao na kwamba hawezi kwenda polisi, nao hawamwachi. Mtoto aliyezoea kutokuwa mzigo kwa mtu anakubali kuwa mzigo kwa siku moja, na hapo ndipo makuzi yalipo. Mambo haya hayakuzuka hewani. Kästner, aliyezaliwa Dresden mwaka 1899, alikuwa mwana pekee wa mama aliyefanya kazi ya nywele nyumbani.

Dibaji ya riwaya inastahili uchunguzi wa pekee kwa wasomaji wa Afrika Mashariki. Msimulizi anasema kwamba alikusudia kuandika kitabu cha namna nyingine kabisa: kisa cha bahari za mbali, chenye msitu, wala-watu, na msichana wa kisiwani aliyechorwa kwa miraba myeusi na myeupe. Kazi ikamkwama kwa kuwa hakujua nyangumi ana miguu mingapi. Mhudumu mkuu wa mkahawa akamshauri aandike juu ya vitu anavyovijua, kama vile treni za chini ya ardhi, hoteli, na watoto wanaopita mbele yake kila siku. Hivyo msitu ukatupwa, na zikaingia barabara za kweli za Berlin: Trautenaustrasse, Kaiserallee (ambayo tangu 1950 inaitwa Bundesallee), Nollendorfplatz.

Mwaka ule ule wa 1929 zilitoka kwa Kiswahili Kisiwa Chenye Hazina, tafsiri ya riwaya ya Stevenson, na Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya riwaya ya Haggard. Katika zote mbili mkono wa Frederick Johnson ulikuwamo, ambaye baadaye alikuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930. Maana yake ni kwamba wakati mwandishi wa Berlin alipokuwa akiitupa riwaya ya nchi za mbali kama kitu kilichochakaa, mwanafunzi wa Tanga au Mombasa alikuwa akikabidhiwa riwaya hizo hizo ziwe mfano wa nathari nzuri, na katika moja ya hizo bara lake mwenyewe ndilo lililokuwa nchi ya mbali. Haisemwi kwamba tafsiri hizo zilikuwa na hasara tu. Kiswahili chake kiliwafaa wengi, na vizazi kadhaa vilizifurahia. Lakini hakuna aliyemwambia mwanafunzi yule kwamba kichochoro cha nyumbani kwao, pamoja na wavulana wake, honi zao na majina yao ya utani, kingeweza kuwa uwanja wa upelelezi.

Hata hivyo Kästner mwenyewe hasalimiki kabisa. Mzaha wake juu ya wala-watu unaikejeli riwaya ya safari za mbali, lakini unaendelea kuila chakula chake: msomaji wa Kijerumani anacheka kwa sababu picha ile ya msichana wa kisiwani anayo tayari kichwani. Msomaji wa Afrika hucheka kwa meno ya mbele. Dosari ya pili ni nafasi ya wasichana. Pony Hütchen, binamu yake Emil, ni hodari, mwepesi wa ulimi, na huja kwa baiskeli. Lakini kazi anayopewa ni kuwaletea wavulana kahawa na mikate na kurudi nyumbani kulala. Yeye mwenyewe analisemea hilo kwa dhihaka, na dhihaka hiyo inaonyesha kwamba mwandishi aliliona jambo na hakulitengeneza.

Kuhusu lugha, mtafsiri yeyote atakayeishika kazi hii kwa Kiswahili atapambana na tatizo ambalo si la msamiati. Wavulana wa Berlin wanasema kama wavulana wa Berlin: kwa kukatiza, kwa kutania, kwa maneno ya mtaani. Emil anasema kama mtoto wa mji mdogo aliyefundishwa adabu. Gustav anamsikia tu na kujua si wa hapa. Endapo wote watapewa Kiswahili sanifu cha darasani, ugeni wa Emil utatoweka, na ugeni huo ndio unaoufanya urafiki wao kuwa na thamani. Wapo watakaopendekeza Sheng. Pendekezo hilo lina mantiki kwa msomaji wa Nairobi, lakini msamiati wa Sheng huzeeka upesi mno. Neno lililokuwa moto katika miaka ya 1980 humfanya kijana wa leo amtazame msemaji kama babu. Njia iliyo salama zaidi ni kuitafuta tofauti katika mwendo wa sentensi. Gustav akatize, arudie, aapize, aache viambishi vimalizike njiani. Emil amalize sentensi zake na awaamkie wakubwa kwa ‘shikamoo’ mahali ambapo wenzake hawaamkii mtu. Msimulizi abaki katika Kiswahili sanifu chenye utani. Majina nayo yataleta mjadala. Tischbein ni ‘mguu wa meza’, na kulitafsiri kungeibua kicheko kisichotakiwa kila ukurasa. Dienstag hana shida: aitwe Jumanne.

Historia haikukitendea kitabu hiki upole. Filamu yake ya kwanza, iliyoongozwa na Gerhard Lamprecht na ambayo Billy Wilder aliuandika mswada wake, ilitoka mwaka 1931. Tarehe 10 Mei 1933 vitabu vya Kästner vilichomwa moto hadharani mjini Berlin, naye akiwa amesimama katika umati akitazama. Kitabu cha Emil kilisazwa kwanza kwa kuwa kilipendwa mno. Mchoraji wake Walter Trier, Myahudi mzaliwa wa Prague, alihamia London mwaka 1936. Rolf Wenkhaus aliyeigiza Emil na Hans Albrecht Löhr aliyeigiza Dienstag wote wawili waliuawa vitani mwaka 1942. Kästner alibaki Ujerumani akiwa amekatazwa kuchapisha, akafariki München mwaka 1974.

Limebaki jambo moja dogo kwa atakayewafundishia watoto wa Kenya riwaya hii. Kisa kinapokwisha, jamaa wanaulizana ni funzo gani limepatikana. Emil ana lake, mama ana lake, na bibi anawakatiza wote kwa kusema kwamba fedha zipelekwe kwa hawala ya posta. Watoto wa Kijerumani wa mwaka 1929 walikijua kidirisha cha posta. Mwanafunzi wa Kenya aliyezaliwa baada ya M-Pesa kuanza mwaka 2007 atauliza, tena mapema, katika ukurasa ule ambapo mama anamkabidhi Emil bahasha, kwa nini bibi asitumiwe kwa simu. Mwalimu asilipuuze swali hilo. Amweleze kwanza noti ni nini: karatasi isiyo na jina la mtu, ambayo ikishatoka mfukoni haina pa kuulizwa ilitoka wapi, isipokuwa kama imetobolewa.